Hesabu za Sokoni na Thamani ya Nafasi: Uhakiki wa Hoja ya Soko katika Madarasa ya Umri Mchanganyiko

Utafiti wa Carraher, Carraher na Schliemann uliofanyika Recife, Brazili, na kuchapishwa mwaka 1985, umekuwa nguzo ya wanaotaka soko liingizwe darasani. Watoto watano wenye umri wa miaka 9 hadi 15 walipata takribani asilimia 98 ya majibu sahihi walipoulizwa bei za bidhaa walizokuwa wakiuza. Walipopewa hesabu za namna hiyo kwa maandishi, walipata asilimia 37. Hoja hii huvutia sana katika madarasa kama ya MEMKWA, ambamo kijana aliyekwisha kuuza karanga kituoni huketi dawati moja na mtoto asiyewahi kurudisha chenji.

Hata hivyo, mfano maarufu zaidi wa utafiti huo unadai usomaji wa makini. Muuza nazi wa miaka 12 aliulizwa bei ya nazi 10, kila moja kwa cruzeiro 35. Alianza na nazi tatu, 105. Akaongeza tatu, 210. Akaongeza nyingine tatu, 315. Kisha moja, 350. Njia ni ya werevu na jibu ni sahihi. Lakini hakuna mahali ambapo alilazimika kutambua kwamba kuzidisha kwa 10 huhamisha kila tarakimu nafasi moja kushoto. Utambuzi huo ndio msingi wa desimali, na soko halikumdai.

Soko la Tanzania nalo halidai. Senti hazitumiki tena katika manunuzi ya kawaida, na muuzaji hupima robo na nusu, si 0.25 na 0.5. Mwanafunzi anayeshikilia kwamba 0.25 ni kubwa kuliko 0.7 kwa sababu 25 inazidi 7 si mzembe; aliyemsomea “nukta ishirini na tano” badala ya “nukta mbili tano” ndiye aliyempoteza. Kiswahili cha mazungumzo kina mtego mwingine: “elfu mia mbili” yaweza kuwa 200,000 au 1,200, na dukani bidhaa yenyewe huondoa utata. Daftari haliondoi.

Udhaifu wa hoja ya soko hudhihirika zaidi katika namba hasi. Mfano wa deni hufaa kueleza kwa nini 3 kutoa 8 kuna jibu, lakini hukwama katika ulinganisho: deni la shilingi 8,000 huitwa kubwa kuliko la 3,000, ilhali -8,000 ni ndogo kuliko -3,000. Kijana anayeyajua madeni atatetea kosa hili kwa uzoefu wake, na wadogo watamfuata, kwani katika darasa la umri mchanganyiko kauli ya mkubwa ina uzito hata pale mwalimu anapokuwa kimya. Mstari wa namba uliochorwa sakafuni, ambapo kijana huyo na mtoto wa miaka 9 wanasimama kila mmoja kwenye namba yake na kuulizwa nani yuko kushoto, hauangalii nani amewahi kukopa.