Mwashi Aliyelisahau Jua

Mtu aliyesimama miaka mingi juu ya jukwaa la miti katika jua la Isiolo, timazi mkononi na uzi mbele ya macho, kisha akaketi mezani kuwachorea watu nyumba na kuyaelekeza madirisha yote makubwa upande wa magharibi, amefanya kosa ambalo kijana aliyekulia katika baridi ya Limuru angesamehewa, na yeye hasamehewi. Nalitanguliza neno hili ili wasomaji wangu, ambao wengi wenu mmeitazama nyumba ile ikipanda kozi kwa kozi kando ya barabara kuu iendayo Archers Post, msije mkadhani kuwa nimekuja na mizani iliyokwisha kusawazishwa. Hukumu yangu ilipatikana siku ile mwenye nyumba aliponitandazia ramani juu ya lundo la mawe, na hadi leo haijabadilika.

Habari za mchoraji mwazijua. Alianza kwa kubeba maji na mchanga, akawa mwashi, akafanya mtihani wa ufundi wa NITA, kisha, bila ya kuiacha kazi ya mjengo mchana, akajifunza uchoraji wa ramani kwa njia ya masafa usiku, masomo yakimjia kwa intaneti na michoro yake ikirudi kwa mwalimu kwa njia iyo hiyo. Mistari yake ni safi, mkato wa msingi ni sahihi, jedwali la milango na madirisha halina doa, na vipimo vyake vyafuata urefu wa jiwe hata fundi halazimiki kukata vipande kila kona: yote hayo namkubalia.

Turejee kwenye karatasi ya kwanza, ile ya skeli ya 1:100. Kiwanja kiko mashariki ya barabara, kwa hiyo uso wake ni magharibi. Sebule imewekwa kati, vyumba viwili vya kulala vikapakana nayo huku na huku, vyote vitatu safu moja mbele, kila kimoja na dirisha la upana wa milimita 1,800 na kimo cha 1,200. Jiko, stoo na choo vimetupwa nyuma, mashariki, mahali ambapo baada ya adhuhuri kuna kivuli kisicho na gharama. Kuta za kaskazini na kusini ni mawe matupu. Yaani watu wamepewa jua, na kivuli kimepewa ndoo na mifagio.

Isiolo iko kaskazini ya Ikweta kwa chini ya nusu nyuzi. Hapa jua haliinami upande mmoja mwaka mzima kama lifanyavyo Ulaya. Hupanda karibu wima, likapita utosini Machi na Septemba, likaegemea kaskazini Juni na kusini Desemba. Kwa mchoraji, maana yake ni kwamba ukuta wa kaskazini na ule wa kusini hulindwa na ukingo wa paa, na ukuta wa magharibi haulindwi na ukingo wowote wa kawaida. Paa la nyumba hii limechorwa litokeze milimita 600. Lau dirisha lingalikuwa kaskazini, adhuhuri ya Juni ukingo huo ungalitia kivuli zaidi ya milimita 1,400 za ukuta, dirisha zima likafunikwa na nafasi ikabaki. Saa kumi na moja jioni, mwezi wa Machi, jua likiwa nyuzi ishirini na nne hivi juu ya upeo, ukingo ule ule hukinga milimita 270 hivi tu za ukuta wa magharibi, na kioo chote kilicho chini ya hapo ni milki ya jua. Tena kioo ndicho chenye nafuu, kwa kuwa jua likitua kimekwisha kazi yake. Ukuta wa mawe wa milimita 200 huanza hapo: joto ulilolinywa tangu alasiri hulipitisha polepole, saa baada ya saa, na kulifikisha ndani wakati watu wameshasali Isha na kutandika vitanda.

Hesabu hii haihitaji shahada. Mwashi huyu aliijua kwa mgongo wake kabla hajaijua kalamu, kwa maana kila fundi wa Isiolo huanza kuaka upande wa magharibi asubuhi na kuhamia mashariki baada ya chakula, akikifuata kivuli, na sijapata kumwona hata mmoja afanyaye kinyume. Kwa nini basi maarifa hayo aliyaacha langoni pamoja na kofia na viatu vya kazi, akaingia ndani ya mchoro mikono mitupu?

Naijua ilikozaliwa kaida aliyoifuata. Vitabu vya uchoraji vya Uingereza, ambavyo mafunzo yetu mengi yamevirithi bila ya kuvihoji, hufundisha kwamba sebule ielekee kusini au magharibi ipate jua la alasiri, na ghala ya vyakula ielekee kaskazini ipate ubaridi. Kwa mtu wa Manchester, aliyekaa miezi akilitafuta jua, hiyo ni hekima tupu. Kwa mtu wa Isiolo ni adhabu. Mchoro huu ndio uliokuwa pia zoezi lake la kuhitimu, na nakala iliyosahihishwa niliiona: pembeni ya karatasi mshale wa kaskazini umechorwa kwa madaha, ncha nyeusi ndani ya duara jembamba, na msahihishaji aliye mbali ameutia alama ya sahihi. Hakuna aliyeuuliza mshale ule wasema nini.

Nimejibiwa kwamba mteja ndiye aliyetaka nyumba itazame barabara, ili wapitao waione. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi hata imenichosha. Nyumba hutazama barabara kwa mlango wake na kwa baraza yake. Waashi wa Lamu, ambao hawakuwa na karatasi wala skeli, waliukadiria upana wa chumba kwa boriti ya mkoko, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu, wakainua kuta nene za matumbawe na chokaa, wakaifungulia nyumba yote kwenye kiwanda chake, yaani ua wa ndani, na ukuta wa njiani wakaunyima madirisha makubwa. Aliyepita nje aliona daka lenye vikao na mlango wa nakshi, na hakupata kusema kuwa mwenye nyumba ile si mtu. Leo heshima ya nyumba imehamia kwenye kioo cha aluminiamu cha kuteleza, dirisha ambalo hata ulifungue lote hukupa nusu tu ya hewa uliyoilipia, na jambo hili nitaendelea kulisema maadamu wino upo.

Wapo watakaoitumia kadhia hii kuyatukana masomo ya masafa, nami siwaungi mkono. Shule za kusoma kwa posta za Scranton, Pennsylvania, zilizoanza 1891, zilifundisha wafanyakazi wa migodi na viwanda, na uchoraji ulikuwa miongoni mwa masomo yao. Kwetu, kitengo cha elimu kwa posta kilichoanzishwa Kikuyu mwaka 1967 kiliwafundisha walimu wetu kwa barua na kwa redio, lakini kiliwakutanisha pia na wakufunzi uso kwa uso wakati wa likizo, na humo ndimo ilimokuwa siri yake. Tadao Ando wa Osaka, aliyewahi kupigana ndondi, alijifunza kwa posta na kwa madarasa ya usiku, akatunukiwa Tuzo ya Pritzker mwaka 1995. Ila yeye alifunga safari kwenda kuyatazama majengo kwa macho yake, hakutosheka na kurasa.

Na ukitaka mfano ulio karibu zaidi na mwashi wetu, mtazame Diébédo Francis Kéré wa Gando, Burkina Faso. Alikuwa seremala, mwaka 1985 akapata ufadhili wa kwenda Ujerumani kujifunza useremala, akasoma usiku hata akaingia chuo kikuu cha ufundi cha Berlin, na kabla hajahitimu, mwaka 2001, shule ya msingi ya kijijini kwao ilikuwa imekwisha simama: matofali ya udongo, dari yenye matundu, na juu yake paa la bati lililoinuliwa mbali ili hewa moto ipate njia ya kutokea. Tuzo ya Pritzker ilimfikia 2022. Hapa kwetu kaskazini, kando ya Ziwa Turkana, amejenga chuo cha Startup Lions, kilichokamilika 2021, chenye minara mirefu inayoifyonza hewa moto na kuitoa juu, huku hewa baridi ikiingia kwa matundu ya chini. Alisoma katika nchi ya theluji, lakini alipochora kwa ajili ya nchi ya jua hakuileta theluji mezani.

  

Wala lawama hii si ya mwashi peke yake. Sheria ya Wasanifu Majengo na Wakadiriaji, Sura ya 525, humzuia mchoraji asijiite msanifu, na ramani hii ilipitia mkononi mwa msanifu mwenye sahihi kabla ya kufika kaunti. Jicho la pili lilikuwapo, likasinzia.

Hata hivyo simiti ya linta haijamwagwa, kwa hiyo nasema na wenyewe. Madirisha ya mbele ya vyumba vya kulala yazibwe yabakie milimita 600 kila moja. Chumba cha kaskazini kifunguliwe dirisha lake kubwa kaskazini, na cha kusini kusini. Sebule, isiyo na ukuta wa pembeni, ijengewe mbele yake baraza ya mita mbili, paa lake lishuke chini kadiri mtu awezavyo kupita bila ya kuinama, na kati ya nguzo yapangwe matofali ya matundu. Ndugu yangu mwashi, ichukue karatasi ya kwanza uichore upya wiki hii. Nawe mwenye nyumba, usimruhusu fundi kumwaga linta kabla hujaiona karatasi hiyo.