Majina ya Sayari na Msomaji wa Uvira

Falaki ya leo si taaluma moja. Wako wanaochunguza sayari, wako wanaopima umri na uzito wa nyota, wako wa galaksi na wa chanzo cha ulimwengu. Na tangu mwaka 2015 wako wanaonasa mawimbi ya uvutano. Kiswahili kimezikabili fani hizo zote kwa maneno mawili ya kurithi, falaki na unajimu, na hili la pili humhusu pia mtabiri wa bahati. Upungufu huo umekwishajadiliwa mara nyingi. Lisilojadiliwa vya kutosha ni kuvurugwa kwa majina ambayo lugha ilikuwa nayo tayari.

Sayari tano zionekanazo kwa macho zilikuwa na majina yake: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Baadhi ya vitabu vya shule za msingi vya Tanzania viliihamisha Zohali, yenye pete, ikawa Uranus, sayari iliyogunduliwa mwaka 1781. Pengo lake likazibwa kwa Sarateni, ambayo ni buruji ya Kaa. Neptune ikapewa Kausi, nayo ni buruji pia. Utaridi, iliyo jirani wa kwanza wa Jua, ikapelekwa mkiani kabisa kwa Pluto, na mahali pake pakawekwa Zebaki, kwa kuwa tu lugha za Ulaya huiita sayari hiyo na madini hayo kwa jina moja. Hivyo Umoja wa Kimataifa wa Falaki ulipoiondoa Pluto miongoni mwa sayari mwaka 2006, jina la kale la Utaridi nalo likatolewa nje.

Athari yake huonekana vyema mbali na pwani. Mvuvi wa ndagala wa Uvira anajua kwamba mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, naye huyazungumza hayo kwa Kiswahili bila shida. Mwanawe hufundishwa sayari kwa Kifaransa. Kijana huyo akivuka ziwa hadi Kigoma na kukifungua kitabu cha namna hiyo, atakuta Zohali isiyo Saturne. Akimuuliza mjuzi wa falaki ya Kiislamu, ataambiwa kuwa ndiyo Saturne hasa. Si ajabu akiamua kwamba sayansi ni ya Kifaransa.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ilionyesha kwamba kazi ya namna hii inawezekana. Katika falaki ingetosha kuanza kwa kuyarudisha majina matano mahali pake, na kuziacha Uranus na Neptune na majina yake ya kigeni.