Dizeli Ndani ya Boti: Kazi ya Fundi Ikaguliwe Wapi

Maji ya Ruaha Mdogo yapitayo Kalenga, jirani na Tosamaganga, hufika bwawa la Mtera, na mwenye boti huko aliyechoshwa na bei ya petroli huanza kuwaza dizeli. Neno "kubadili" humpotosha mapema. Injini ya petroli haigeuzwi kuwa ya dizeli: ya kwanza hubana hewa mara 8 hadi 10 na kuwashwa na cheche ya plagi, ya pili huibana mara 16 hadi 22 mpaka joto lake liwashe mafuta. Injini nzima hutolewa, ikaingia nyingine, nzito zaidi na yenye mtikiso. Kwa hiyo anayeisifu injini anasifu kitu ambacho fundi hakukitengeneza. Kazi ya fundi iko kati ya injini na maji: magogo inayokalia, shafti na pangaboi.

Anza na kaplingi, pale gia inapokutana na shafti. Boti iwe majini, kwani mbao zilizokaa sawa nchi kavu hujipinda kidogo zikibebwa na maji. Legeza boliti, kutanisha nyuso mbili za chuma, kisha pitisha fila geji, vile vibapa vya kupimia mwanya, juu, chini, kushoto na kulia. Kwa kaplingi yenye upana wa milimita 100, nafasi isitofautiane zaidi ya milimita 0.1, kama unene wa karatasi. Hapo hapadanganyi. Tofauti ikifika milimita nzima, umeuziwa beringi zitakazolika na maji yatakayopenya penye tundu la shafti, hata rangi ing'ae vipi.

Moshi nao wengi huusoma vibaya huku Nyanda za Juu. Injini isiyo na tabo ikijaribiwa Tosamaganga, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hukosa takriban asilimia 14 ya hewa. Mtera, karibu mita 700, upungufu ni kama nusu ya huo. Moshi mweusi wa mlimani basi si hukumu. Hukumu itolewe bwawani, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida na mafuta yamefunguliwa hadi mwisho. Injini isipofikia mizunguko iliyoandikwa kwenye kibati chake, na moshi bado mweusi, kwanza lishuku pangaboi: huenda ni kubwa mno.

Wapo watakaosema mashine ya petroli ya kupachika nyuma ni nyepesi, na huinuliwa maji yakipungua, nayo Mtera hupungua sana kiangazi. Ni kweli, na mwenye safari fupi za mbio asiiache. Lakini kwa anayebeba mzigo kutwa, dizeli hula mafuta kidogo kwa kazi ileile, tena haitoi mvuke mwepesi kushika moto kama wa petroli, ambao ni mzito kuliko hewa na hutuama sakafuni mwa boti ukingoja cheche. Kuhusu kina, fundi anao wajibu: mkuku ushuke chini kuliko pangaboi, na ubapa wa chuma utoke kwenye mkuku upite chini ya pangaboi hadi kwenye usukani. Pangaboi likining'inia wazi, salio lisilipwe bado.