PDO ni adapta tu, umeme haiugusi

Ukianza kujifunza PHP, kuna ahadi utakutana nayo mapema sana: tumia PDO, na siku ukitaka kuhama kutoka MySQL kwenda PostgreSQL utabadilisha mstari mmoja tu, basi. Ahadi hiyo iko kwenye video za mafunzo, iko kwenye notisi za darasani, na iko hata kwenye ripoti za mradi wa mwaka wa mwisho, ambako mwanafunzi huandika kwa kujiamini kwamba mfumo wake unaweza kutumia hifadhidata yoyote. Mimi naona ahadi hiyo si ya kweli. Na ubaya wake ni kwamba inaficha kazi moja kubwa ambayo PDO inaifanya vizuri.

Kwanza tuelewane. Hifadhidata, au kanzidata kama wengine mnavyoiita, ndipo mfumo unapoweka taarifa zake: majina, alama, malipo. Skripti ya tovuti huiuliza maswali kwa lugha ya SQL. Zamani ndani ya PHP kila hifadhidata ilikuwa na funksheni zake. Za MySQL zilianza na mysql_, za PostgreSQL zikaanza na pg_. Ukihama, unaandika upya kila ukurasa. Tatizo lenyewe limeizidi PHP umri: Microsoft ilitoa ODBC mwaka 1992 ili programu zifikie hifadhidata tofauti kwa njia moja, na watu wa Perl wakawa na DBI kuanzia mwaka 1994. PHP ilipata PDO rasmi kwenye toleo la 5.1, mwaka 2005. Funksheni zikawa za aina moja, na chini yake kila hifadhidata ikawa na kiendeshi chake.

Sasa mfikirie ndugu anayerudi kutoka Marekani na blenda yake. Plagi haiingii kwenye soketi zetu, ananunua adapta, inaingia. Lakini blenda ni ya volti 120 na ukutani zipo zaidi ya 220. Adapta imesawazisha pini, umeme haijaugusa. PDO ndivyo ilivyo. Inasawazisha namna ya kuunganisha, kutuma swali na kupokea majibu. SQL unayoituma inapita kama ilivyo, bila kutafsiriwa. Mwongozo wa PHP wenyewe unalisema hili waziwazi: PDO haiandiki upya SQL yako, wala haiigizi uwezo ambao hifadhidata haina. Waliotengeneza hawakudanganya. Tuliozidisha ni sisi tunaofundishana.

Kosa lenye kelele na kosa la kimya

Tofauti nyingine zinajitangaza. Ukitaka mistari 10 ya kwanza, MySQL, PostgreSQL na SQLite wanaelewa LIMIT 10. SQL Server haina LIMIT. Ina TOP, au OFFSET na FETCH. Ukihama, skripti inagoma, unaona hitilafu, unarekebisha. Hiyo ni blenda inayotoa moshi. Angalau unajua uchomoe.

Zinazotisha ni zile zisizotoa moshi. Chukua swali hili:

SELECT jina || ' ' || ukoo FROM wanafunzi

PostgreSQL na SQLite wataunganisha: Asha Juma. MySQL, kwa mipangilio yake ya kawaida, inasoma alama hizo mbili kama "au" ya kimantiki, kwa hiyo inakurudishia 0. PDO inaona kila kitu kiko sawa, maana swali limejibiwa. Orodha yako ya wanafunzi sasa ni sifuri tupu.

Au chukua jina la mtumiaji. Umeweka sharti kwamba jina lisijirudie. MySQL kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo, hivyo Mwanaidi akishajisajili, mwanaidi anakataliwa. Hamia PostgreSQL: hao ni watu wawili. Hakuna msimbo uliobadilika, hakuna hitilafu iliyotokea, ila mtu mmoja sasa anaweza kufungua akaunti mbili, au mgeni akajiita kwa jina lako. Kama mfumo unashika alama za mitihani au michango ya kikundi, hilo si jambo dogo.

Hata funksheni za PDO zenyewe zinabeba maana tofauti. beginTransaction inaanzisha muamala, yaani kundi la kazi zinazokubaliwa zote au kufutwa zote. Ndani yake, PostgreSQL inakuruhusu kuunda jedwali kisha ukaghairi, na jedwali likafutika. Kwenye MySQL, ile amri ya kuunda jedwali inaufunga muamala palepale, na yote uliyofanya kabla yake yamekwishahifadhiwa. Jina moja, tabia mbili.

Kwa sababu hiyo, ile desturi ya kujaribu mfumo kwa SQLite na kuuendesha kwa MySQL inanitia wasiwasi. SQLite kwa kawaida haijali ukiweka maneno kwenye safu ya namba, haikati jina lililozidi urefu uliotangaza, na haisimamii funguo za kigeni mpaka uiambie. Majaribio yanapita yote. Yamepima hifadhidata nyingine, lakini.

Anachostahili kusifiwa

Mbona basi bado nakwambia uitumie? Kwa sababu ya vigezo. Kwa miaka mingi watu waliandika hivi:

"SELECT * FROM wanafunzi WHERE namba = '$namba'"

Mtu akijaza ' OR '1'='1 kwenye fomu, anapata wanafunzi wote. Na PDO unaandika namba = ? kwenye prepare, halafu thamani unaipeleka kando kwenye execute. Alichojaza mtu kinabaki kuwa thamani, hakigeuki kuwa amri. Zile funksheni za mysql_ hazikuwa na njia hiyo, na PHP 7.0 ilipoziondoa mwaka 2015 wengi walilalamika, ila mimi naona zilichelewa kuondoka.

Hapa nina malalamiko mawili. Hadi PHP 8.0 ya mwaka 2020, PDO ilikuwa inanyamazia hitilafu kama hujaiambia ipige kelele. Yaani miaka 15 anayeanza alikuwa anaona ukurasa mtupu bila kujua kwa nini. Pili, kwa MySQL, PDO ikiachwa ilivyo haipeleki swali na thamani kando kama unavyofundishwa. Inaziingiza thamani yenyewe, kwa uangalifu, kisha inatuma maandishi yote pamoja. Kuzima tabia hiyo ni mstari mmoja, ATTR_EMULATE_PREPARES iwe false, na mstari huo unapaswa kuwa kwenye somo la kwanza.

Na kumbuka alama ya ? hushika thamani tu. Jina la jedwali, au safu ya kupangia orodha, haliwezi kupita hapo. Hayo yachague kutoka kwenye orodha uliyoiandika mwenyewe, usiyachukue kwenye fomu.

Hukumu

Tazama miradi mikubwa ilivyofanya. WordPress ilishikamana na MySQL na ndugu yake MariaDB, na haikuizuia kuenea. Drupal 7, mwaka 2011, ilijengwa juu ya PDO, lakini haikuishia hapo: iliongeza tabaka lake la kutunga SQL, kwa kuwa PDO peke yake haitoshi. Moodle, inayofanya kazi na PostgreSQL, MySQL, MariaDB na SQL Server, nayo ina tabaka lake na sheria zake za kuandika maswali. Uhuru wa kuhama unalipiwa, kwa kazi na kwa majaribio kwenye kila hifadhidata.

Wewe mwenye mradi wa muhula mmoja huna haja ya kuulipia. Chagua hifadhidata moja, itumie kwa uwezo wake wote, jaribu mfumo kwenye hiyohiyo, na maswali yako ya SQL yaweke mahali pamoja ili siku ya kuhama ujue pa kuanzia. Na kwenye ripoti, badala ya "hifadhidata yoyote", andika ile uliyoipima.

Ukitaka ushahidi, hauchukui dakika tano. Fungua PDO kwa sqlite::memory:, tuma SELECT 'Asha' || ' ' || 'Juma'. Kisha badilisha ule mstari mmoja uende MySQL, tuma tena, uone Asha ameenda wapi.