Kanji ya Dobi

Siku tatu kabla ya Idi, dobi wa Kariakoo hana muda wa salamu ndefu. Kofia za mkono zimemjia zimelegea kama chapati, na zote zinatakiwa zisimame.

Mwenye kofia amelipia kazi ya sindano ya miezi. Vitobo vile vinavyopitisha hewa kichwani vimezungushiwa uzi kimoja kimoja. Lakini anayeifanya ivalike ni dobi. Anakoroga wanga wa muhogo kwa maji baridi kwanza, usifanye madonge, kisha anamimina maji yanayochemka hadi weupe wa maziwa ugeuke ute unaopitisha mwanga. Hapo chembe za wanga zimevimba. Zikikauka zitashikamanisha nyuzi. Kofia huchovywa, hukamuliwa bila kusokotwa, huvishwa kwenye sufuria yenye mzingo wa kichwa cha mteja, na vidole hupita kuzibua vitobo. Uzito wa uji? Haupimwi kwa kikombe. Anaushika tu. Ukizidi, kofia hukauka na magamba meupe. Ukipungua, jasho la kwenye pantoni ya Kivukoni huimaliza kabla hujafika Kigamboni.

Krismasi ikikaribia, kanji ileile husimamisha vitambaa vya kroshia vya juu ya makochi. Najua vinataniwa sana. Sijaona mtani hata mmoja anayeweza kuvikausha kingo zikae kama mawimbi. Adui wa vyote ni mende, anayeipenda kanji kuliko mwenye nyumba.