Watunza Kumbukumbu za K'Ogalo

Mtu anayetunza jezi kuukuu ya klabu ya Gor Mahia, yaani K'Ogalo, kwake Kondele au Nyalenda mjini Kisumu anafanya kazi ambayo nchi yetu imeizembea. Mpira wa Kenya umeandikwa kwa uchache, na sehemu kubwa yake imebaki kwenye masanduku ya chuma chini ya vitanda: tiketi, beji, picha za timu, magazeti yaliyokunjwa mara nne. Anayevitoa humo, akavisafisha na kuvitundika mahali watu watavitazama, nampa heshima ya fundi.

Fikiria mwaka 1987. Gor Mahia walitoka sare 2-2 na Espérance kule Tunis, wakarudi Nairobi wakatoka sare tena, 1-1, na kwa mabao ya ugenini wakatwaa Kombe la Washindi Afrika. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kuchukua kombe la bara. Hata hivyo, tiketi ya mechi ile ya Nairobi, uwanjani Kasarani, ni kikaratasi ambacho kingeweza kuwashia jiko, na bila shaka nyingi ziliwasha. Marekani, kadi moja ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner, iliyotolewa kati ya 1909 na 1911 ndani ya pakiti za sigara, iliuzwa 2022 kwa dola milioni 7.25. Kwetu bei kama hizo hazipo. Anayetunza hutunza kwa mapenzi.

Na mapenzi peke yake hayatoshi kando ya ziwa. Hewa ya Kisumu ina unyevu, mvua ya jioni hupiga ghafla, na paa la mabati hugeuza chumba kuwa tanuri mchana. Picha ikigusa kioo cha fremu, unyevu huigandisha hapo na huwezi kuibandua bila kuichuna. Kwa hiyo mtunzaji mzuri humwambia fundi wa fremu aweke ukanda wa kadibodi pembeni, picha na kioo visikutane. Gazeti ni gumu zaidi: karatasi yake ya bei rahisi ina asidi, hugeuka manjano na kukatika yenyewe. Nakala ndiyo hutundikwa, gazeti lenyewe hulazwa gizani bila kukunjwa. Seloteipu, kamwe. Jezi nayo haining'inizwi kwenye henga ikavutika mabega, ila huviringishwa ndani ya shuka safi jeupe la pamba. Kuhusu matope ya uwanjani wapo wasemao yafuliwe, kwa kuwa jasho huita wadudu. Mimi naona yaachwe, yapigwe brashi laini tu yakishakauka. Matope yale ni sehemu ya mechi.

Halafu kuna macho. Kibendera chenye jina Luo Union kina umri wake usoni: mwaka 1980, majina ya kikabila yalipopigwa marufuku katika klabu, Luo Union waliitwa Re-Union na Abaluhya wakawa AFC Leopards. Ajuaye hilo hukishika kibendera kile kwa vidole viwili, akikumbuka kwamba wenye jina hilo ndio waliobeba kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati 1976 na 1977. Asiyejua hukipita kwenye rundo la mitumba sokoni Kibuye.

Lakini kilicho adimu kuliko vyote ni maelezo. Nani aliivaa jezi hii, mechi gani, ilimfikiaje aliyenayo? Bila majibu hayo, jezi ya kijani ya miaka ya themanini ni nguo tu. Wanaoweza kujibu wamezeeka, na kila msiba huondoka na majina ya watu waliosimama kwenye picha.

Basi, ndugu msomaji, kama kwenu kuna picha ya timu, mpelekee mzee wiki hii akutajie waliosimama na waliochuchumaa. Andika nyuma kwa penseli, maana wino hupenya.