Nguvu kwa mmoja, vazi kwa mwingine: Madame Livingstone inavyompasua shujaa

Tangu Superman atoke mwaka 1938, vitabu vya katuni vya mashujaa wenye nguvu za ajabu vimejengwa kwa vipande vilevile: uwezo ambao binadamu wa kawaida hana, vazi linalomtambulisha mwenyewe kwa mbali, jina la kupanga, asili yenye siri, na adui mkubwa anayengojwa kurasa za mwisho. Wengi waliojaribu kuipindua aina hii walimchafua mwenye vipande: shujaa akawa mlevi, katili, au kibaraka wa kampuni. Njia hiyo imeshachosha. Barly Baruti, mchoraji wa Kongo aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, na mwandishi Mfaransa Christophe Cassiau-Haurie walipita kwingine katika Madame Livingstone, bede, yaani kitabu cha katuni, iliyotolewa na Glénat mwaka 2014. Vipande vyote vimo, tena vizima, ila wamevigawa kwa watu wawili.

Hadithi ni ya ziwa letu, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Luteni Gaston Mercier, rubani wa jeshi la Ubelgiji, anafika Tanganyika na kazi moja tu: kuizamisha Graf von Götzen, meli ya kivita ya Wajerumani. Ili aipate ilipo, anapewa mwenyeji wa kumwongoza, chotara anayetembea amevaa kilti, ile sketi ya wanaume wa Uskoti, na anayedai kwamba baba yake ni David Livingstone. Jina la Madame wamempachika watu kwa ajili ya hiyo sketi.

Sasa hesabu nani amepata nini. Mercier anaruka angani, na kuruka ndiyo nguvu ya kwanza ambayo kila mtoto humpa shujaa wake. Lakini hana kingine. Vazi, jina na asili yenye siri viko kwa mwenzake, ambaye haruki popote. Katika Watchmen, matoleo 12 ya Alan Moore na Dave Gibbons yaliyotoka kati ya 1986 na 1987, ufundi ulikuwa wa ukoo huohuo: Doctor Manhattan peke yake ndiye mwenye nguvu za kweli, na waliobaki wana mavazi na matatizo yao. Hapa mgawanyo umeingizwa ndani ya ukoloni, na hapo unakuwa na makali zaidi, kwa sababu mwenye nguvu ndiye asiyejua njia.

Kilti yenyewe inastahili kuangaliwa kwa karibu. Vazi la shujaa kwa kawaida hubana mwili, huonyesha misuli, na halina mfuko wala tope. Kilti huacha magoti wazi kwa majani na mbu, na machoni pa askari wa kikoloni ni nguo ya mwanamke. Mashujaa wa Kimarekani huitwa Captain au Doctor, vyeo vya kuwapandisha, naye huyu amepewa Madame ili ashushwe, na jina likamganda. Anayeijua vita hii ya ziwani atamkumbuka pia Geoffrey Spicer-Simson, kamanda Mwingereza aliyeleta mashua za Mimi na Toutou mwaka 1915, ambaye kweli alikuwa akivaa sketi. Wenyeji walimwita Bwana Chifunga-tumbo. Kwa hiyo mtu wa sketi vitani Tanganyika hakuhitaji kutungwa. Tofauti ni kwamba Spicer-Simson alikuwa na cheo cha kumkinga na kicheko.

Kisha asili. Superman ni mtoto wa baba wa mbali asiyerudi, amelelewa na watu wasio wake. Ukiutoa mfano huo kwenye sayari ukauleta huku, unapata chotara wa kikoloni. Na baba aliyechaguliwa si mtu hivihivi. Mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikuja kaskazini mwa ziwa kuhakikisha kama mto Ruzizi unatoka au unaingia, maana kama ungetoka huenda maji yake yangefika Nile. Wakakuta unaingia. Lakini wavumbuzi Burton na Speke walikuwa wamefika hapa Uvira mwaka 1858, na wana wa mtawala wa hapa waliwaambia jambo hilohilo bila kupiga kasia hata moja. Miaka 13, na safari nzima ya kishujaa, kuthibitisha neno la mwenyeji! Kumpa mwongoza njia jina la Livingstone ni kumrudishia mwenyeji kile ambacho mvumbuzi alikuja kuokota kwake.

Ila urithi huo haumpi nguvu yoyote, na hapo ndipo kitabu kinapoivunja kanuni hasa. Katika Kongo ya Wabelgiji damu ya baba mzungu haikumwinua mtoto. Machotara wengi walinyang'anywa kwa mama zao wakapelekwa misheni. Serikali ya Ubelgiji iliomba radhi mwaka 2019, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ikaamua kwamba kunyang'anywa huko kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Nguvu ya Mercier nayo, ukiifuata kwenye historia, ni ya kuhurumiwa. Ndege za majini aina ya Short zilikuwa nne, za kuazima kwa Waingereza, na zilisafirishwa tangu Matadi kwa treni na kwa mito. Zilipofika Mtoa, kaskazini ya Kalemie ya leo, mawimbi ya Tanganyika yakazikataa, ikabidi zihamishiwe kwenye maji yaliyotulia ya Tongwe. Ziwa liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya moto ya huku haibebi mabawa vizuri. Juni 1916 zikapiga mabomu Kigoma. Lakini Götzen ilikuwa imeshang'olewa mzinga wake mkubwa, umepelekwa kwa askari wa nchi kavu, na tarehe 26 Julai Wajerumani waliizamisha wenyewe baada ya kuipaka mashine zake grisi, kwa kuwa jeshi la miguu la Ubelgiji lilikuwa linakaribia. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Mwandishi anayechagua misheni hii anarithi adui asiye na meno na pambano la mwisho ambalo historia imekataa kulitoa.

Kuhusu mchoro sitakaa sana. Katuni za mashujaa zilizoea mstari mzito mweusi na rangi chache bapa, kwa sababu uchapaji wa bei rahisi ndio ulioruhusu hivyo, na mstari huo humkata shujaa kutoka kwenye mazingira yake. Baruti, ambaye Ulaya ilimjua kwa Eva K. na Mandrill alizochora na Frank Giroud, anapaka rangi za maji moja kwa moja juu ya ukurasa. Mtu, mlima na mwanga vinaingiliana, na mkao wa ushujaa unakosa pa kusimama. Wakati mwingine uzuri huo unazidi, vita ikaanza kunukia utalii.

Ninapokwaruzana na kitabu ni kwenye jicho. Tunaingia ziwani na Mercier, tunajifunza anapojifunza, na mwenye kilti anabaki kuwa fumbo la kufumbuliwa na mgeni. Msomaji wa Kalundu au Mulongwe, hapa Uvira, anaombwa aishangae pwani ambako ananunua ndagala kila siku. Walioibeba vita ile mabegani, wapagazi zaidi ya laki mbili wa upande wa Wabelgiji, wangeweza kuwa mlango mwingine kabisa wa hadithi. Na si ajali ya kitabu kimoja. Mwaka 2016 Baruti alitoa Chaos debout à Kinshasa pamoja na Thierry Bellefroid, kuhusu mji uliokuwa unangoja pambano la ngumi la Ali na Foreman la 1974. Mgeni safari hii ni kijana mweusi wa Harlem, na Kinshasa, kama Tanganyika, tunaoneshwa na mtu aliyeshuka kwenye ndege.